Tai au kulungu: chagua upande mmoja wa Mongolia

Wageni wengi hudhani kwamba Watsaatan, wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi, na Wakazaki wanaowinda kwa tai ni majirani, ilhali Watsaatan wako kaskazini, katika misitu ya Khövsgöl karibu na mpaka wa Urusi, na Wakazaki wako Bayan-Ölgii, magharibi kabisa ya nchi. Barabara kati ya pande hizo ni ngumu, na anayetumia ndege kwa kawaida hulazimika kurudi kwanza Ulaanbaatar, mji mkuu. Kwa hiyo, kama huna majuma 3 hivi, chagua upande mmoja.

Ukichagua tai, nenda mwanzoni mwa Oktoba, wakati wa tamasha la tai katika mji wa Ölgii, au ungoje majira ya baridi, ambapo uwindaji wenyewe hufanyika kwenye theluji. Ukipewa tai umshike, kaza mkono: jike anaweza kufikia kilo 6, na ndiyo maana mwindaji huweka gongo lenye panda kwenye tandiko la farasi ili aegemeze mkono wake. Wenyeji wengi ni Waislamu, hivyo "asalamu alaikum" yako itaitikiwa bila mkalimani, jambo ambalo, nakiri, hupunguza ugeni.

Kwa Watsaatan, omba mapema kibali cha eneo la mpakani, kisha ujizoeze kupanda farasi, kwani kutoka kijiji cha Tsagaannuur safari ya kufikia kambi zao humalizikia mgongoni mwake, mara nyingi katika matope.