Shingo Nyeusi ya Mtoto Si Uchafu

Wazazi wenzangu, kama mtoto amenenepa na shingo imekuwa nyeusi, nene kidogo, ukigusa ni kama kile kitambaa cha makochi, wacha kumsugua na jiwe la miguu jamani, mara nyingi huo si uchafu, ni mwili umeanza kukataa kusikia insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwa damu, na ngozi ndiyo inasema. Cheki na kwapa. Mpeleke kliniki apimwe uzito, urefu na sukari. Nyumbani punguza soda na chipo za kila jioni, mpe maji, sukuma, ndengu, na acheze saa moja kila siku hata kama ni kwa pakingi ya ploti. Usimlaze njaa, bado anakua. Mikunjo ikimwasha, osha, kausha polepole bila kusugua, vesti ya pamba. Ikianza kunuka ama kutoa maji, daktari.