Manzuki isiyohitaji kupanda mti

Mzinga wa gome unaoning'inia juu ya mti umewapa watu wa Tabora asali vizazi na vizazi, lakini humtaka mrinaji apande gizani akiwa na moto mkononi, na wapo walioanguka wakavunjika mgongo. Kwa mfugaji anayetembea kwa magongo au anayetumia kiti mwendo, mzinga ushushwe chini. Tena uwe wa viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vilivyopangwa juu ya mzinga, ambavyo nyuki huning'iniza masega yao. Sega lililojaa huwa na kilo mbili hivi, unaliinua moja moja. Sanduku la mzinga wa ghorofa (wa masanduku yanayopandanishwa) likijaa hupita kilo 30, na hilo halibebeki kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika gongo.

Kimo kipimwe kwa mwili wa mwenye manzuki, yaani mahali pa kufugia nyuki. Sehemu ya juu ya mzinga ifike kwenye kitovu chake: karibu sentimita 75 kwa anayeketi, 90 hadi 100 kwa anayesimama. Viunzi viwe na upana wa milimita 32. Vikizidi, nyuki huunganisha masega, na kuyatenganisha kunadai mikono miwili na nguvu. Masega hukatika, asali humwagika, nyuki hukasirika.

Ubaya wa stendi fupi ni nyegere. Chimbia nguzo nne sentimita 60, funga mzinga kwenye nguzo kwa waya, na mfuniko nao ufungwe. Kuzuia siafu, zungushia kila nguzo nailoni na uipake grisi. Baada ya mvua paka tena. Fyeka majani yanayogusa mzinga, maana siafu huyafanya daraja.

Njia ndiyo inayosahaulika, na kwangu ndiyo muhimu kuliko mzinga. Mchanga wa Tabora humeza ncha za magongo na magurudumu. Tandaza udongo wa kichuguu unene wa sentimita 10, umwagie maji, ushindilie. Upana uwe mita 1.5, na nyuma ya mzinga pawe na nafasi ya kiti kugeuka mzunguko mzima. Mlango wa nyuki utazame upande wa pili. Njia ya kutokea inyooke, isiwe na kisiki, kwa sababu asiyeweza kukimbia anaokolewa na matayarisho. Manzuki yenyewe ikae mita 300 kutoka kwenye nyumba, mazizi na njia za watu.

Kazi ifanyike jua likielekea kuzama, wawili wakiwa pamoja. Washa bomba la moshi kwa magunzi makavu au kinyesi kikavu cha ng'ombe, kamwe si plastiki. Pulizia mlangoni mara tatu au nne, subiri dakika mbili, kisha fungua. Wakichachamaa, rudisha viunzi na ufunike kwanza, halafu ondoka taratibu na bomba likiwaka. Mguu wa suruali usiotumika ushonwe au ufungwe kwa kamba. Nyuki huingia humo na mfugaji hawezi kuwatoa.

Kiziwi hasikii mvumo unapobadilika, basi mwenzake amguse bega kama ishara ya kufunga. Mwenye ganzi mikononi, kama aliyewahi kuugua ukoma, akague vidole baada ya kazi: bomba humuunguza asijue. Midomo ikivimba au pumzi ikibana baada ya kuumwa, ni hospitali mara moja. Mpange mapema na bodaboda wa karibu.

Mafunzo yapo Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora. Kuhusu mtaji, muulize ofisa maendeleo ya jamii: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Siku ya kurina, kata masega yaliyozibwa kwa nta, ukiacha yenye majana (watoto wa nyuki) na mengine ya chakula cha nyuki. Usichukue ndoo ya lita 20. Ikijaa asali ina kilo 28. Ya lita 5 ni kilo 7, inapakatika. Ifunike kila unapoweka sega, harufu isiwaite nyuki wakufuate njiani.