Plasma ya CNC nyumbani hapa Mombasa: anza na hewa, meza baadae

Kila mtu akitaka kuanza plasma ya CNC, yani tochi ya kukata chuma inayoendeshwa na kompyuta, swali la kwanza ni meza, meza ya futi ngapi, reli gani, mota gani. Mi nakwambia kama uko Mombasa meza ndo kitu cha mwisho. Weka soda baridi mezani saa saba mchana uone, dakika mbili ishatoka jasho mpaka chini pamelowa. Maji hayo yako kwenye hewa ambayo kompresa yako yaivuta, hewa ikibanwa yapata moto, ikipoa ndani ya tangi na paipu maji yanajitenga, na usipoyazuia yaenda moja kwa moja mpaka kwenye tochi.

Mi nimejifunza kwa hasara. Mwezi wa tano, mvua hiyo haikatiki, nina kazi ya maua ya geti na mwenyewe ashalipa nusu. Nozo mpya, ile ncha ya tochi yenye kitundu, nafunga asubuhi, kufika adhuhuri tundu si duara tena, mkato watoka umelala upande mmoja, nabadilisha, hivohivo, nozo nne siku moja! Nikasema nozo feki, nikasema stima, nikamlaumu hata aliyenichorea. Jioni ndo nikafungua vali ya chini ya tangi, yani maji yaliyotoka hapo ungepikia chai ya watu wawili.

Sababu yake ni hii. Plasma ni hewa iliyopitishwa umeme mpaka ikawa moto wa maelfu ya digrii, yatokea kwa kitundu kidogo cha nozo, yayeyusha chuma na kukipeperusha chini. Ndani ya elektrodi ya shaba kuna kitone cha metali ya hafniamu ambacho chaliwa kidogo kila ukiwasha, hiyo ni kawaida, kikishaliwa shimo la kama milimita moja na nusu unatupa elektrodi na nozo yake pamoja. Sasa ikiingia hewa yenye maji, kitu cha kukaa siku kadhaa kinakwisha kwa saa moja.

Kwa hivo kompresa. Mashine ya ampea 45 inakula kama lita 190 za hewa kwa dakika kwa presha ya psi 90 hivi, na hapa angalia sana, namba kubwa iliyoandikwa kwa stika mara nyingi ni hewa inayovutwa, si inayotoka, uliza inayotoka. Tangi lisipungue lita 100, ile kompresa ndogo ya kujazia magurudumu itachoka na wewe utakaa kuingoja. Kutoka kwa kompresa usiunganishe hosi moja kwa moja, pitisha paipu ya chuma ukutani, ipande ishuke ipande ishuke, hata mita kumi, na kila inaposhuka weka kikoki cha kumwagia maji. Hewa ipoe kwanza. Baada ya hapo filta ya maji, halafu mkebe wa silika jeli karibu na tochi. Ukiiweka silika karibu na kompresa ni kazi bure mana hewa ya moto haijaachia maji bado. Jeli ikibadilika rangi ikaushe kwa oveni moto mdogo, urudishe. Na tafadhali paipu za plastiki za maji ya nyumba usiweke, zikipasuka na presha zinaruka vipande kama vioo.

Kupima ni rahisi, washa hewa peke yake bila moto, puliza kwenye kioo cha kujitazamia. Kikiingia ukungu bado hujawa tayari, hata kama mashine ishafika na mkono wakuwasha.

Stima. Mashine hiyo ya ampea 45 yavuta kama ampea 30 kwa stima yetu ya 240, na kompresa juu yake. Soketi ya ukutani ni ya 13, sasa fanya hesabu mwenyewe. Muite fundi wa stima mwenye leseni akuvutie laini yake peke yake kutoka kwa sanduku la mita, kebo isiwe chini ya milimita 6 za mraba, breka yake, na kompresa laini nyengine. Athi nayo usiifanyie mzaha, wataka fimbo ya shaba iliyozama karibu na meza, na ukiwa kwenye mwamba wa matumbawe kama sehemu nyingi za kisiwani hapo ni kutoboa, nyundo haitoshi. Klempu ya mashine ifunge kwenye bati lenyewe unalokata, sio mguu wa meza.

Ukienda kununua mashine uliza swali moja tu, yawasha moto vipi? Kuna zinazowasha kwa cheche za masafa ya juu, hizo kwa kukata na mkono ni sawa, lakini kwenye CNC cheche zile zavuruga kompyuta, mota zinapoteza hesabu, laptopu inajizima katikati ya kazi. Chukua zile zinazowasha kwa msukumo wa hewa, iwe na tundu la kuunganishia CNC nyuma, na tochi iliyonyooka.

Meza yenyewe sasa. Bati letu ni futi 8 kwa 4, lakini meza ya 4 kwa 4 yatosha kuanzia, bati unalisukuma. Chini weka beseni la maji linase vumbi na moshi. Maji yawe matamu, usitie ya kisima ya chumvi, yatakula beseni, vyuma vya kulazia bati na reli zote, na bahari peke yake yatosha kutuletea kutu. Reli zipake oili kila jioni. Na ukikaa wiki hujafanya kazi maji yamwage, la sivyo utafuga mbu halafu nyumbani wakulaumu wewe.

Aluminiamu usikate juu ya maji hayo mpaka usome vizuri, mana mabaki yake yakikaa majini yanatoa haidrojeni, na haidrojeni na cheche mwajua wenyewe. Mabati ya zinki pia, moshi wake watia homa, kata nje kwenye upepo, na barakoa ya kweli si kitambaa. Pipa lililokuwa na mafuta usiliguse hata likiwa limeoshwa. Miwani iwe ya giza namba 5 mpaka 8 kulingana na ampea.

Kuchora natumia Inkscape, ni ya bure, natoa faili ya DXF, SheetCam inapanga njia ya tochi, halafu Mach3 au LinuxCNC ndo inaendesha mota. Mwanzo utachanganyikiwa siku mbili tatu, ni kawaida. Yakumbuke haya, moto unakula kama milimita 1.5 ya chuma, kwa hivo programu ilipie upana huo. Tochi ianze kutoboa pembeni kwenye taka halafu iingie kwenye mstari. Matundu ya ndani kwanza, umbo la nje mwisho. Umbo la nje lizungushwe kama saa inavozunguka, matundu kinyume chake, mana upande wa kulia wa tochi ndo unaotoka wima na wa kushoto unalala. Tundu dogo kuliko unene wa chuma usijaribu, toboa na drili.

Na hapa kwetu kazi nyingi itakuwa maandishi, watu wataka Bismillah ya ukutani, Mashallah ya geti. Jamani nukta! Herufi ya ba ina nukta chini na haijashikana na chochote, ukikata tu yaanguka kwenye beseni, ubakiwe na neno halisomeki. Kila nukta iunganishe na kikonyo chembamba, milimita 3 yatosha, na kabla ya kukata muoneshe anayesoma Kiarabu vizuri. Mi nshawahi kukata kibao kizima nukta moja haiko mahali pake, aliyeiona ni mtoto wa madrasa alopita na baiskeli.

Mkato wa kwanza fanya kwa kipande cha bati la milimita 3. Tochi itoboe ikiwa juu kama milimita 4, halafu ishuke mpaka 1.5 ndo itembee, kasi anza na ile ya kwenye jedwali la mashine. Kisha geuza kipande uangalie chini. Slagi, yani chuma kilichoyeyuka kikagandia chini, ikiwa nene inayong'oka na mkono yani waenda pole sana, uzi mwembamba mgumu usiong'oka ujue wakimbia. Ukiwa na kifaa cha kushika urefu wa tochi kizime kwenye kona, mana tochi ikipunguza mwendo volti zapanda, nacho chadhani tochi iko juu, kinaishusha mpaka yagonga bati.

Sifuri ya kazi, pale mashine inapoanzia kuhesabu, iweke kwenye kona ya bati na uitie alama ya msumari, stima ikipotea katikati warudi hapohapo waendelea, bati halijasogea.

Ukimaliza suuza kipande kwa maji matamu, kifute, grinda kidogo, red oksaidi siku hiyohiyo. Ukikilaza usiku bila rangi asubuhi wakikuta cha manjano.