Kabla Hujaingia Darasani Kufundisha Famakokinetiki

Pima hesabu za wanafunzi wako kabla ya kufungua mada hii ya jinsi mwili unavyoishughulikia dawa. Asiyeelewa logarithimu atanakili grafu ya ukolezi wa dawa bila kujua kwa nini mstari uliopinda umenyooka ghafla, kwa hiyo tenga kipindi kizima cha marudio, na usimkemee anayeuliza jambo la sekondari. Usipokee jibu lisilo na kipimo chake, kwani anayechanganya miligramu na mikrogramu darasani atazichanganya mbele ya mgonjwa. Eleza pia safari nzima ya dawa mwilini, yaani kufyonzwa, kusambaa, kubadilishwa kikemikali na kutolewa, kabla ya kuandika mlinganyo hata mmoja.

Jambo linalofuata lilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha niliandika ubaoni kwamba usafishaji wa dawa (kiasi cha plazima, yaani majimaji ya damu, kinachosafishwa dawa kwa saa) ni zao la kasi ya kuondoka (sehemu ya dawa inayotoka kwa saa) na ujazo wa mtawanyiko (ujazo ambao dawa ingeenea ili kufikia ukolezi unaopimwa kwenye plazima), nikakokotoa mifano kadhaa, darasa likafuata vizuri nami nikaridhika. Katika mtihani niliuliza: ujazo ukiongezeka maradufu ilhali figo na ini vinafanya kazi ileile, usafishaji utakuwaje? Karibu wote walijibu kwamba nao utaongezeka maradufu. Walikuwa wameusoma mlinganyo kama nilivyouandika, na kosa lilikuwa langu. Usafishaji hutegemea kazi ya viungo, ujazo hutegemea jinsi dawa inavyosambaa mwilini, na kila kimoja kinaweza kubadilika peke yake. Kasi ya kuondoka na nusu-uhai, yaani muda wa dawa kupungua hadi nusu, ndivyo vinavyozaliwa na hivyo viwili. Ujazo ukiongezeka maradufu, nusu-uhai hurefuka maradufu, na usafishaji hubaki palepale. Baadaye mmoja wa wanafunzi hao, akiwa wodini kwa mafunzo ya vitendo, alipendekeza mgonjwa aliyejaa maji mwilini aongezewe dozi ya kila siku mara mbili kwa hoja hiyohiyo. Msimamizi wake alimzuia kwa wakati, lakini mimi sikulala vizuri usiku huo.

Tangu hapo naanza na ndoo. Tia rangi katika lita 10 za maji, kisha kila dakika chota lita 1, mwaga, rudisha lita 1 ya maji safi na ukoroge: rangi itafikia nusu kati ya dakika ya 6 na ya 7. Rudia kwa lita 20, ukichota lita 1 ileile kila dakika, na nusu itafika kati ya dakika ya 13 na ya 14. Waache wabishane kwanza kwa nini muda umerefuka ilhali mchotaji hajapunguza kazi, ndipo uandike mlinganyo, nusu-uhai ukiwa peke yake upande wa kushoto.

Waonye vilevile kwamba ujazo wa mtawanyiko si chombo kinachoonekana. Ujazo wa digoksini, dawa ya moyo, hukaribia lita 500 kwa mtu mzima wa kilo 70, ambaye maji yote ya mwili wake ni kama lita 42, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa hushikiliwa na tishu, hasa misuli, na kidogo tu hubaki kwenye plazima. Hapo ndipo wataelewa kwa nini dozi ya kuanzia hukokotolewa kwa ujazo, na dozi ya kuendeleza kwa usafishaji.

Usifunge muhula bila fenitoini, dawa ya kifafa ambayo vimeng'enya vinavyoibadilisha mwilini hushiba. Wape mgonjwa wa mfano ambaye uwezo wake wa juu wa kuiondoa dawa ni miligramu 500 kwa siku, na nusu ya uwezo huo hufikiwa kwenye ukolezi wa miligramu 4 kwa lita. Dozi ya miligramu 300 kwa siku itamfikisha kwenye miligramu 6 kwa lita, na ya miligramu 400 kwa siku itampeleka hadi miligramu 16 kwa lita.

Kokotoa kila swali mwenyewe kabla ya kulitoa, usichukulie ukimya wa darasa kuwa ni uelewa, na jibu lolote la kikokotoo liulizwe kwanza kama linawezekana katika mwili wa binadamu.