Kabla hujaongeza mafuta ya breki kwenye lori la jeshi

Malori mengi ya zamani ya jeshi la Marekani hutumia DOT 5, mafuta ya breki ya silikoni. Ukiomba tu "mafuta ya breki" dukani Lindi au Mtwara, huenda ukapewa DOT 3 au 4, ambayo si silikoni. Usichanganye kamwe! Hayaungani, na breki zinaweza kukutoka. Rangi ya zambarau ya DOT 5 isikudanganye, hufifia. Chota kidogo mafuta yaliyomo kwenye lori, tia kwenye chupa yenye maji, tikisa, acha itulie: silikoni hujitenga juu, DOT 3 na 4 huyeyuka majini. DOT 5.1 nayo si silikoni, licha ya jina. DOT 3 ikimwagikia bampa, osha kwa maji papo hapo. Hubambua rangi, na huku pwani chumvi humalizia chuma.