Kabla hujaweka mkeka, jua umenunua nini

Fainali ya Kombe la Dunia 2022, ile ya Argentina na Ufaransa, ami yangu alikuwa kaweka mkeka (tiketi ya kubeti) wa mia tano Argentina ashinde. Kufika dakika ya 79 ni 2-0, ami keshaagizia baraza zima kahawa na kashata, mara Mbappé wa Ufaransa huyo, mabao mawili ndani ya dakika mbili. Ikaenda ziada, 3-3, penalti, Argentina wakabeba. Ami kaja mbio kibandani kwangu (nafanya M-Pesa huku Maweni, Malindi) simu mkononi nimtolee pesa zake. Pesa hakuna, mkeka ushachanika. Akaapa wamemuibia.

Hawakumuibia. Alibonyeza 1, na 1 maanake ile timu iliyoandikwa kwanza ishinde ndani ya dakika 90 na zile za majeruhi refa anazoongeza, basi, ziada na penalti hazimo. Dakika 90 za siku ile ziliisha 2-2, so jibu lilikuwa X, yaani sare. Kama alitaka Argentina abebe kombe kwa njia yoyote ile kuna soko lake kando, la nani atabeba au nani atafuzu, odi yake (ile namba wanayozidishia pesa yako) huwa iko chini kidogo lakini ungelala na pesa yako. Tangu hapo vijana wakija kuweka pesa huwa nawauliza kwanza, wacha nione ulichochagua. Wengine hukasirika.

Basi tuanze na odi zenyewe. Odi ukiizidisha na dau unapata pesa yote itakayorudi, dau lako likiwa mumo humo. Mia kwa odi ya 2.10 ni 210, yaani umekula 110, si 210 kama wengi wanavyohesabu. Alafu odi inakwambia pia kampuni inaonaje hiyo mechi: chukua 100 gawanya kwa odi. Tuseme mechi ina 2.10 mwenyeji, 3.30 sare, 3.60 mgeni. Hiyo ni kama 48, 30 na 28. Jumlisha. Umepata 106, na sisi sote tunajua mia haizidi mia, sasa hiyo sita ya juu ndo chakula cha kampuni, wanakula ushinde ushindwe, mechi ikichezwa tu. Fanya hiyo hesabu kwenye mechi mbili tatu uone mwenyewe, utashangaa mechi za ligi ambazo hata huzijui hiyo sita huwa inanenepa.

Dabo chansi ni kununua majibu mawili kwa mpigo. 1X ni mwenyeji ashinde au watoke sare, X2 ni hivohivo kwa mgeni, 12 ni yeyote ashinde bora isiwe sare. Kwa mechi yetu ile ya 2.10, 1X itakuja kama 1.28. Ndogo, ndiyo, umenunua utulivu na utulivu una bei yake. Ndugu yake ni ile ya sare unarudishiwa dau lako, hapo ukishinda unapata zaidi ya dabo chansi lakini sare haikupi faida.

Ova na anda hapa ndipo maswali mengi. Kuna mzee aliniuliza bao na nusu linafungwa vipi, nikacheka lakini swali ni zuri. Hiyo nusu imewekwa ili kusiwe na ubishi tu. Ova 2.5 ni mabao matatu kwenda juu, ya timu zote mbili kwa pamoja, anda 2.5 ni mawili kushuka chini. Hata nani kashinda haijalishi. GG nayo ni kila timu ifunge walau moja. Watu huzichanganya hizi mbili kila wikendi: 1-1 ni GG lakini ova haijaingia, 3-0 ova imeingia lakini GG imechoma. Shika hiyo mifano miwili yatosha.

Haftaimu na fulltaimu ni lazima upatie zote mbili, nani anaongoza mapumziko na nani anashinda mwisho. Istanbul 2005, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, Milan walikwenda mapumziko 3-0 juu ya Liverpool, dakika 90 zikaisha 3-3. Aliyeweka Milan kisha sare walai huyo alikula vizuri, lakini je ungeiweka wewe? Odi inakuwa kubwa kwa sababu haitokei.

Hendikapu ni timu kubwa kuanza na deni. Ukiona -1 maanake timu yako inaanza ikiwa chini bao moja, so ikishinda 1-0 kwenye mkeka wako hiyo ni sare. Sasa angalia sana hapa, kuna hendikapu ya kawaida ambayo hiyo sare inakuchoma, na kuna ya Kiasia ambayo unarudishiwa dau. Zinafanana kwa macho, pesa haifanani.

Multibeti ndo ugonjwa wetu. Unaunganisha mechi, odi zinazidishana, zote ziingie au hupati kitu. Mechi tano za 1.50 zinatoa 7.59, mia inakuwa 759, na kila moja ukiitazama ni "hii lazima". Lakini 1.50 ni kama nafasi mbili katika tatu, ukizidisha hivo mara tano unabaki na 13 katika mia, na hapo sijatoa bado ile sita ya kampuni, ambayo nayo inazidishana mechi kwa mechi. Ndo maana wanakupa bonasi ukiongeza mechi, wewe unaona wanakupenda. Mie kama ni kuweka, nitaweka moja, mwisho mbili. Jakipoti ya mechi 17, kila moja ina majibu matatu, mikeka yote inayowezekana ni zaidi ya milioni 129, hesabu tu, siongezi neno.

Kashauti ni kampuni kununua mkeka wako kabla mechi haijaisha, na bei wanapanga wao. Ami angeibonyeza dakika ya 79 angekula kitu siku ile, lakini nani alikuwa anamuona Mbappé?

Wale wa kukuuzia mechi zilizopangwa kwenye Telegram, anayejua matokeo angekaa kimya aweke zake, kwani anahitaji mia tatu yako ya nini. Na kodi usisahau, hapa Kenya tangu Julai 2025 unakatwa asilimia 5 ukiweka na asilimia 5 ukitoa. Chini ya miaka 18 usije kwangu kabisa. Mamangu anasema hata hao wakubwa nisiwahudumie, kamari ni kamari, na kwenye hilo sina la kumjibu.

La mwisho, maana ami kaniuliza juzi: mechi moja kwenye multi ikiahirishwa, mkeka haujafa. Kila kampuni ina muda wake wa kungoja, ukipita na haijachezwa hiyo mechi inahesabiwa odi 1.00 na zilizobaki zinaendelea, malipo tu ndo yanapungua. Yeye alikuwa keshaufuta kwenye simu.