SOMO: Kununua komodi ya kale ya Kifaransa, anza kwa kuvuta droo

Wapendwa, wengi mmeniuliza kuhusu komodi yangu ya sebuleni, lile kabati lenye droo nne na marumaru ya kijivu juu. Naishi kaskazini mwa Ufaransa mwaka wa kumi na sita sasa, na makabati haya yamenila pesa nyingi kabla hayajanifunza. La kwanza niliambiwa ni la enzi ya Louis XV, mfalme wa Ufaransa wa karne ya 18, nami nikalipa bila kuvuta hata droo moja. Fundi alipokuja kurekebisha mguu, alifungua, akachungulia, akaniambia kwa upole kwamba halijafikisha hata miaka mia. Nililia. Somo hili limeanzia hapo.

Hatua ya 1: Soma maneno ya muuzaji

Ufaransa ina amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981 ambayo kila mnunuzi anapaswa kuijua. Muuzaji akiandika «époque Louis XV», amekudhaminia kwamba kitu kilitengenezwa enzi hiyo hasa. Akiandika «style Louis XV», ameahidi umbo tu, umri hajaudhamini. Amri hiyohiyo inakupa haki ya kudai risiti inayoeleza kitu ni nini, kimeundwa kwa nini, kilikotoka na umri wake. Idai. Akitamka «époque» mdomoni kisha akaandika «style» kwenye risiti, mwachie kabati lake.

Hatua ya 2: Chagua enzi inayolingana na mfuko wako

Komodi zilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 17. Za Louis XV zina tumbo lililobenuka na miguu iliyopinda. Za Louis XVI, mfalme aliyemfuata, zimenyooka, miguu yake inachongoka kuelekea chini. Za Louis-Philippe (alitawala 1830 hadi 1848) ni nzito, pembe zake zimeviringwa, na mara nyingi zina droo ya siri iliyofichwa kwenye ukingo chini ya marumaru.

Kama ni mara yako ya kwanza, achana na zile za Paris zenye maua ya mbao za rangi na mapambo ya shaba yaliyopakwa dhahabu. Humo ndimo udanganyifu umejaa. Hata jumba la Versailles liliwahi kuuziwa viti bandia vya karne ya 18. Nunua ya mkoani, ya mjozi au mcheri mtupu (mbao nzima isiyobandikwa kitu juu), au Louis-Philippe. Kwenye minada ya miji midogo nimeona Louis-Philippe nzuri ikiondoka kwa euro mia tatu. Kumbuka tu kwamba juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, utalipa ada ya mnada, mara nyingi asilimia 20 hadi 30.

Hatua ya 3: Vuta droo

Hapa usiwe na haraka. Njoo na tochi, futi, na nguo usiyoionea huruma, maana utalala sakafuni.

Toa droo nzima, igeuze. Pembeni, ubao wa mbele unapokutana na wa ubavuni, kuna viungo vya mkia wa njiwa. Vilivyokatwa kwa mkono havilingani: kimoja kipana, kingine chembamba, na bado utaona mstari aliouchora fundi kabla ya kushika msumeno. Vikifanana vyote kama meno ya kitana, hiyo ni kazi ya mashine.

Kitako cha droo kiwe cha mbao halisi. Ubao hunywea upana wake kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo ufa mwembamba hapo ni habari njema. Ukikuta plaiwudi, ama kitako kimebadilishwa ama kabati zima ni la juzi.

Sasa pitisha vidole chini ya kuta za droo, mahali panaposuguana na kabati. Droo iliyovutwa miaka mia mbili imelika, na njia yake ndani ya kabati imelika palepale. Droo ikiwa imelika na njia yake ingali mpya, huenda sehemu hizo zimetoka kwenye makabati mawili. Wafaransa wanaita hiyo ndoa, «mariage».

Kisha mishikio. Ndani ya ubao wa mbele tafuta matundu ya zamani yaliyozibwa. Mishikio kubadilishwa ni kawaida. Lakini matundu yakionekana ndani huku nje hakuna hata kiraka, ujue vinia ya nje (ubao mwembamba unaobandikwa juu ya mbao nyingine) ilibandikwa baadaye. Vinia ya karne ya 18 ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, unene wake kwa kawaida unazidi milimita moja. Ya leo ni nyembamba kama kadi. Chungulia ukingoni ilipobanduka.

Mgongo wa kabati la kweli haukulainishwa. Ni mwaloni au msonobari mkavu wenye alama za randa na vumbi la vizazi. Rangi nyeusi iliyopakwa sawasawa mgongo mzima inanifanya nihisi kuna kinachofichwa.

Hatua ya 4: Inueni marumaru

Muwe wawili, na mlibebe likiwa wima kama kioo. Likilazwa bapa mikononi linaweza kukatika kwa uzito wake lenyewe. Upande wa chini wa marumaru ya kale ni mparuzo, una alama za patasi. Ukiwa laini kama wa juu, hilo ni la kisasa. Kabati bado linaweza kuwa la kweli, ila bei ishuke.

Hatua ya 5: Pima mlango na ngazi zako. Kabla ya kulipa, si baada.

Kuna jambo moja sitalinyamazia. Bordeaux na Nantes zilitengeneza komodi za mahogani tupu, nzuri mno, ziitwazo «commodes de port», komodi za bandarini. Mbao hizo zilikuja kwa meli kutoka visiwa vya Karibi, ambako Waafrika walifanyishwa kazi utumwani. Mimi ninayo moja, na kila mgeni anayeisifu namweleza ilikotoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Brussels: Dada, shikamoo. Nimeonyeshwa komodi yenye muhuri JME na jina la fundi. Si ndiyo uthibitisho?

Marahaba, mdogo wangu. Muhuri wa JME ni wa chama cha mafundi wa Paris. Kanuni za 1743 ziliwataka wagonge majina yao, na vyama vyote vilivunjwa 1791. Kwa kawaida upo juu ya nguzo za mbele, chini ya marumaru. Lakini mafundi wa mfalme hawakulazimika kugonga, na mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kugonga muhuri bandia leo. Droo ikiusaidia muhuri, vizuri. Droo ikiukana, amini droo.

Mwanachama, Lyon: Ina vitundu vya wadudu. Niiache?

Vitundu vya zamani vimeingia giza na havina unga. Tandika karatasi nyeusi chini yake wiki mbili. Ukikuta unga mweupe, wadudu wangali wanabungua. Itibiwe kabla haijaingia nyumbani. Miguu ikibonyea kwa kidole, iache.

Mwanachama, Paris: Naweza kuipaka rangi nyeupe? Naona wengi wanafanya.

Ndugu yangu, nakuomba usifanye. Rangi ile ya asali kwenye mjozi imejengwa na nta na mikono ya watu kwa karne nzima, na msasa wa kuandalia rangi mpya unaimaliza kwa mchana mmoja. Kama unataka nyeupe, nunua kabati jipya.

Mwanachama, Tanga: Mwanangu yuko huko, anataka kuniletea. Itahimili hali ya hewa ya Pwani?

Shikamoo mama. Ya vinia, hapana. Gundi yake ya kale ilichemshwa kwa ngozi na mifupa, na unyevu wa Pwani huilainisha. Vinia itaanza kubanduka. Tena baadhi ya vinia hizo ni za miti ya jamii ya Dalbergia, iliyo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo aulizie vibali kabla ya kusafirisha. Akuletee ya mbao tupu. Ikifika, isigusane na ukuta, weka miguu yake juu ya vibao vidogo, na uichungulie chini kila mwezi kwa ajili ya mchwa.